Sukari Tuliyoichoma Darasani

Ule ndio mwaka tuliokula bulga. Bulga asubuhi, bulga mchana, na jioni tukanywa maji yaliyosuuza sufuria ya bulga. Kabla ya hapo hakuna mtu niliyemjua Isiolo aliyekuwa ameonja ile ngano iliyovunjwavunjwa, iliyokuja kwa magunia yenye maandishi nisiyoweza kuyasoma. Kwetu chakula kilikuwa maziwa, na mgeni akikataa kikombe cha pili ilikuwa matusi. Halafu mvua ikakataa, ikakataa tena, na watu wakaanza kuingia mjini kutoka Merti, kutoka Korbesa, kutoka Garbatulla, na ng'ombe wachache nyuma yao wakitembea kama wagonjwa waliotolewa hospitali mapema. Kuna waliochemsha ngozi. Kuna waliotafuna buna, zile punje za kahawa tunazokaanga kwa samli siku ya baraka, wakazitafuna kavu, bila samli na bila baraka. Ukimuuliza mtu wa rika langu mtoto wake wa kwanza alizaliwa lini, hatakupa tarehe. Atakuambia kabla ya bulga, ama baada ya bulga.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mpishi wa shule moja ya msingi pale mjini. Jina la shule siliandiki, bado ipo na wajukuu wa watu wanasoma pale. Ya nyumbani kwetu, nani alimzaa nani na nani alimwoa nani, hayo pia nayaacha. Jiko ndilo ninalotaka mlione. Lilikuwa chumba cha mabati, upande mmoja kimeegemea darasa la sita, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao zilizokauka mpaka zikaachana. Moshi wangu ulikwenda kwao na masomo yao yakaja kwangu. Shule mimi niliionja miezi michache tu, kisha nikatolewa. Basi mwaka ule nilisoma darasa la sita kwa sikio, mwiko mkononi, macho yakinitoka machozi, nikijua mito ya Afrika na sehemu za ua na vita vya watu wasionihusu. Nilikula ukoko, ile bulga iliyogandia chini ya sufuria. Hiyo ndiyo iliyokuwa mshahara wangu hasa, maana pesa ilikuja ikitaka. Na funguo ya stoo ilikaa shingoni mwangu kwa uzi mweusi, ikinichoma kifua jua likiwaka.

Mwezi uliopita Safo alinipigia simu. Safo alikuwa mtoto wa darasa lile la sita, msichana mwembamba mwenye maswali mengi kuliko nywele, na sasa ni bibi kama mimi, anaishi Garbatulla. Akasema, "Dada Kabale, umekaa?" Nikasema, "Nimesimama." Akasema, "Basi kaa. Mwalimu Mutwiri ametuacha." Nikaendelea kusimama. Mimi na Safo tukapanda mpaka Meru kumzika, tukamkuta amezungukwa na migomba na watu wenye koti, na mimi na buibui yangu nikasimama karibu na ua wa nyumba nisijue mikono niiweke wapi. Wasemaji wakasema alikuwa mpole. Uongo. Mutwiri hakuwa mpole, alikuwa mtu asiyetulia, anafundisha akitembea, anakula akitembea, chaki anaivunja vipande kwa kucha huku akisubiri jibu. Wakasema alipenda sana kufundisha Isiolo mpaka alipoomba mwenyewe kuhama. Hapo Safo aliniangalia, nami nikaangalia migomba. Tangu siku ile sikai. Mjukuu wangu Amina, ninayeishi naye hapa mtaani Wabera, anasema, "Akko, bibi yangu, mbona unatembea kama kuku anayetafuta pa kutaga?" Anacheka, lakini naona anahesabu mara ninazofungua na kufunga mlango. Ndiyo maana nimechukua daftari. Kuandika nilijifunza uzeeni, kwa darasa la gumbaru, na mkono wangu bado ni mzito, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Mutwiri alikuja shuleni kwetu mwanzo wa mwaka ule wa bulga, kijana wa milimani, shati nyeupe ambayo baada ya wiki moja ilikuwa rangi ya barabara. Siku moja nikamsikia akianza somo la mabadiliko. Alisema kuna badiliko la umbo na kuna badiliko la kikemikali, akayaandika kwa Kiingereza, akayasoma mara tatu, watoto wakayaimba mara tatu. Kuimba walijua. Kisha akasema, chukueni mfano wa barafu. Barafu ikiwekwa kwenye joto inayeyuka, inakuwa maji. Akauliza, "Nani ameona barafu?" Safo akasema, "Ile nyeupe juu ya mlima, mwalimu." Maana asubuhi, kabla mawingu hayajafunika, Mlima Kenya unauona kutoka kwetu, na ile kofia yake. Mutwiri akafurahi. "Hiyo hiyo. Na jua likiiwakia inafanya nini?" Darasa zima likajibu kama mtu mmoja, "Haifanyi kitu." Safo akaongeza, "Tangu tuzaliwe iko pale pale, mwalimu, na jua hapa ni hili." Mimi nikacheka mpaka nikaachia mwiko ukaanguka ndani ya bulga.

Akatoka darasani akaja jikoni. Nilidhani ananigombeza. Akasimama mlangoni, akasogea, akarudi, akasema, "Umecheka nini?"

"Nimecheka wewe."

"Sawa. Wewe ungewaambia nini?"

Nikamwambia watoto hawa barafu itawasaidia nini. Waambie samli. Mtoto yeyote wa Borana, hata yule aliyezaliwa juzi, anajua samli asubuhi ya baridi imeshikana kama jiwe jeupe, na saa sita imelegea kama maji, na kesho alfajiri imeshikana tena, na muda wote huo mama yake anaiita samli. Mutwiri akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Akasema, "Njoo useme hivyo hivyo." Nikasema mimi ni mpishi. Akasema, "Bulga haitakimbia."

Hivyo ndivyo nilivyoingia darasani, na aproni yangu ya gunia. Nilikuwa na samli kidogo sana ndani ya chupa, ya kupaka ngozi ya mikono, imebaki kutoka siku nzuri. Nikaiweka juani dirishani, watoto wakaiangalia ikilegea kwa macho ya njaa, na nikawaambia. Kisha nikaona wanasikiliza, na mtu akisikilizwa ulimi unalewa. Nikawaambia na maziwa pia. Mnajua gorfa, kile chombo cha kusuka, jinsi tunavyokifukiza kwa kijinga cha moto ndani mpaka kinuke moshi, ndipo tunatia maziwa. Yakikaa humo siku kadhaa yanakuwa itittu, mazito, machachu, ya kukata na kijiko. Je, kuna mama hapa Isiolo anayejua kuyarudisha yawe mabichi? Wakasema, "Hakuna." Nikasema basi, kinachorudi ni badiliko la umbo, kisichorudi ni lile lingine. Nikajiona mwalimu.

Mutwiri akachukua karatasi mezani, akairarua vipande viwili, vinne, vinane, akanipa. "Irudishe."

"Hairudi."

"Imekuwa nini?"

"Takataka."

Watoto wakacheka. Akasema, "Takataka ya nini?" Nikasema ya karatasi. Akasema, "Basi bado ni karatasi. Usiulize kama kinarudi, Kabale. Uliza kama bado ni kitu kile kile." Nilirudi jikoni nimekasirika, nikakaa siku mbili simsemeshi, nikimpakulia bulga ya juujuu isiyo na ukoko. Kunirekebisha mbele ya watoto, mimi niliyemwokoa na barafu yake. Lakini ile kauli iliniingia. Nilianza kutembea na macho mapya, na hayakuniacha nitulie. Kuni ikipasuliwa bado ni kuni, ikiwa jivu si kuni. Bulga ikilowa ni bulga. Chumvi ndani ya maji haionekani lakini iko, ulimi unaiona. Nilikuwa nikiamka nimeshika kitu mkononi, nakiuliza, wewe ni yule yule?

Siku ya tatu alikuja mwenyewe, amevunja chaki mpaka imekuwa unga. Akasema samli na itittu ni vitu viwili tofauti, watoto wanachanganya, wanadhani kuna vitu vya kubadilika umbo na vitu vya kubadilika kabisa, kama makabila. Alitaka kitu kimoja kinachoweza yote mawili. "Ukikiyeyusha kwa maji kibaki kile kile, na ukikichoma kisiwe kile tena. Na wakijue kwa ulimi." Nilijua kabla hajamaliza. Nikasema, "Usiseme."

Akasema, "Sukari."

Lazima niseme sukari ilikuwa nini mwaka ule. Shule ilipewa gunia moja kwa ajili ya uji wa watoto wagonjwa, wale waliokuwa wakianguka mstarini asubuhi. Mimi mwenyewe sikuionja, na si kwa uzuri wa moyo, niliogopa Mungu. Na gunia lile lilikuwa linakonda. Kila nikifungua stoo limelegea zaidi, na mimi najua ninachotoa. Funguo zilikuwa mbili. Moja shingoni mwangu, nyingine ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa sijamwambia mtu.

Nikamuuliza Mutwiri, "Kiasi gani?"

"Vijiko viwili."

"Kimoja unakichoma."

"Kimoja nakichoma, ndiyo."

Nikasimama pale na funguo yangu. Kwao Meru kulikuwa na ndizi na viazi, mtu aliweza kuwaza hivyo. Mimi nilikuwa najua vizuri zaidi, na hapo ndipo kosa langu lilipo, sitalifunika. Kwetu chakula hakichezewi. Tone la maziwa likianguka chini unaligusa na kidole na kukipeleka kwenye paji la uso. Lakini nilitaka kuona. Hilo ndilo la kweli. Mimi, ambaye sikuwa na daftari wala kiti, nilitaka kuona kuliko watoto wote. Nikafungua stoo, nikachota vijiko viwili kwa mkono wangu, nikamwaga kwenye karatasi yake.

Kijiko cha kwanza alikitia kwenye birika la maji, akakoroga. Watoto wakapita mmoja mmoja, kila mtu akachovya kidole na kulamba, na wengine wakarudi nyuma ya mstari wapite mara ya pili, tukajifanya hatuoni. "Iko?" anauliza. "Iko." Kijiko cha pili alikiweka kwenye kifuniko cha mkebe juu ya makaa yangu. Ikalegea, ikawa njano, ikawa kahawia, ikatoa harufu tamu ambayo sijaisikia tena maishani, harufu iliyowafanya watoto arobaini wameze mate pamoja, nikasikia koo zao. Kisha ikavimba, ikawa nyeusi, ikatoa moshi mchungu. Kikabaki kipande cha mkaa. Mutwiri akakipitisha. Waliogusa kwa ulimi walitema. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wameelewa, nikaona wameelewa, na mtoto mmoja nyuma alikuwa analia bila sauti.

Safo akanyoosha mkono. "Mwalimu, ng'ombe akikonda ni badiliko gani?"

"Unaonaje?"

"La umbo. Bado ni ng'ombe. Mvua ikija atanenepa."

"Vizuri."

"Na akifa?"

Mutwiri alikuwa anatembea kati ya madawati. Akasimama. Ni mara pekee nilimwona amesimama kabisa darasani. Akaangalia kifuniko cha mkebe, akasema, "La pili." Safo akaandika kwenye daftari. Kwao walikuwa wamebakiwa na ng'ombe mmoja.

Kufikia alasiri mji wote ulijua. Watoto hawakwenda nyumbani kusema tumejifunza badiliko la kikemikali. Walisema mwalimu amechoma sukari. Kisimani nilisikia wanawake, nami nimeinama nateka. Mmoja anasema, "Mtu wa milimani, anachoma chakula mbele ya watoto wenye njaa." Mwingine, "Na sisi tunauliza mvua iko wapi." Wa tatu akasema, "Na yule Kabale alikuwa wapi?" Akajibiwa, "Alikuwa pale pale, anachochea makaa." Nikajitwika maji yangu. Sikuwachukia, na leo ningekuwa na ndoo yangu pale ningesema kama wao. Lakini siku ya pili yakaja maneno mengine, na haya hayakutoka kisimani. Ikasemwa mwalimu huyu amekuwa akiingia stoo. Ikasemwa gunia lililokonda ni yeye. Yakazunguka haraka mno, kama maneno yaliyopewa nauli.

Nilipomsimulia Amina haya wiki hii, alikuwa anapanga somo lake la sayansi. Mjukuu wangu ni mwalimu wa sayansi, na nasema hivyo kila mahali, dukani, msikitini, kwa daktari aliyeniuliza kuhusu goti. Akaacha kalamu. "Akko, ulifukuzwa kazi kwa vijiko viwili vya sukari?"

"Sikufukuzwa kwa sukari."

"Kwa nini basi?"

"Kwa mdomo."

Akataka kujua ilinigharimu nini, kizazi hiki wanapenda gharama. Nikamwambia mpaka mvua iliponyesha sikupata kazi nyingine, nikauza kuni, nikakonda mpaka pete ikaanguka kidoleni. Mutwiri hakufungwa wala hakufutwa, kwa sababu hawakupata karatasi waliyoitaka, wakamhamisha tu kabla muhula haujaisha, wakaita ni ombi lake. Mjane wake, pale kwenye migomba, alikuja kunishika mkono akauliza, "Wewe ndiye wa sukari?" Nikasema ndimi. Akasema mume wake alikuwa akisema nilimwokoa. Nikamwambia hapana mama, nilisema kilichokuwa tu, na nilisema nikitetemeka. Hilo Safo halijui, wala Amina, wanadhani nilikuwa simba.

Niliitwa ofisini siku ya nne baada ya kuchoma ile sukari, sufuria ikiwa bado motoni. Ndani walikuwa wawili, mwalimu mkuu nyuma ya meza, na Mzee Galgalo, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, kwenye kiti cha pembeni na fimbo yake kati ya magoti. Salaam aleikum, aleikum salaam. Hawakuniambia nikae. Juu ya meza kulikuwa na chai, na chai ile ilikuwa na sukari, nilijua kwa nzi. Mwalimu mkuu alikuwa na karatasi iliyoandikwa tayari, na kidau cha wino pembeni yake. Akanisomea. Karatasi ilisema mimi Kabale, mpishi, nimemwona Mwalimu Mutwiri akiingia stoo mara nyingi bila ruhusa na kutoka na sukari, na siku ile ya darasani aliichukua mimi nikiwa sipo.

"Ni kidole tu," akasema. "Hapa chini."

Nikaangalia kile kidau. Nilifikiria ukoko wa mchana ule, aibu kusema, lakini ndiyo niliyofikiria, sufuria yangu iliyokuwa ikigandia bila mtu wa kuikoroga. Mzee Galgalo akasema kwa Kiborana, polepole, kama anayembembeleza ngamia aingie zizini, "Intala, binti yangu, sikiliza. Wewe ni mtoto wetu. Huyu ni mtu wa kupita, atarudi kwao kwenye ndizi na hatakukumbuka. Wewe ukitoka hapa utarudi wapi? Watu wana hasira, hasira inataka mtu. Mpe hasira mtu wake, ukale."

Nikasema, "Siweki kidole. Sukari nilimpa mimi, kwa mkono huu, na stoo ina funguo mbili."

Mwalimu mkuu akaweka kikombe chini. Mzee Galgalo akageuza kichwa, akamtazama, akamtazama kwa muda, na nadhani dakika ile ndipo alipoanza kujiuliza moyoni kuhusu ile funguo ya ofisini. Lakini mzee mbele ya msichana harudi nyuma. Akanyoosha fimbo akagonga sakafu mara moja, akasema, "Hujaelewa unachoulizwa. Nitakuuliza mara ya mwisho, na ukijibu hivyo funguo utaiacha hapa mezani na utatoka kwa mlango ule. Utaweka kidole, ama huweki?"

Nikavua uzi shingoni, nikaiweka funguo juu ya ile karatasi.

"Siweki kidole. Sukari nilimpa mimi, kwa mkono huu, na stoo ina funguo mbili."